Kidato cha Kwanza amekwama: ni Kiingereza au ni somo? Dalili, vyanzo na la kufanya

Januari mtoto anaingia Kidato cha Kwanza akitoka kwenye miaka saba ya kusomeshwa Sayansi na Hisabati kwa Kiswahili. Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania, Kiingereza alikutana nacho kama somo moja tu kwenye ratiba. Baada ya wiki chache za kozi ya utangulizi, Baiolojia, Fizikia, Jiografia na Hisabati zote zinakuja kwa Kiingereza. Machi kuna jaribio la kwanza. Anapata 12 kwa 100, na kwenye ripoti linaandikwa neno "mzito".

Neno hilo halijamweleza mzazi chochote, wala mwalimu anayefuata. Alama 12 inaweza kuwa ya mtoto asiyejua usanisinuru. Inaweza kuwa ya mtoto anayeujua vizuri lakini hakulielewa swali. Inaweza pia kuwa ya aliyelielewa swali, jibu analo kichwani, ila hana maneno ya kuliandika. Ukiwaweka wote watatu kwenye tuisheni ya Baiolojia, utakuwa umemsaidia mmoja na kuwachosha wawili.

Kwa hiyo, kabla ya kushika dalili yoyote kati ya zilizoandikwa hapa chini, fanya kipimo kimoja.

Kipimo cha karatasi mbili

Chagua mada ambayo darasa limeshafundishwa na ambayo waliigusa shule ya msingi: mimea kujitengenezea chakula, mmeng'enyo wa chakula, hali za maada. Tunga maswali matano ya alama 2 kila moja. Mawili ya kutaja, moja la "kwa nini", moja la kulinganisha vitu viwili, na moja la kuandika majina ya sehemu kwenye mchoro. Yaandike kwa Kiingereza kwenye nusu karatasi ya A4, kisha maswali yaleyale kwa Kiswahili kwenye nusu nyingine. Darasa la wanafunzi 80 linahitaji nusu 40 za kila lugha, yaani karatasi nzima 40 kwa jumla. Wajibu kwenye karatasi zao wenyewe, ili zile za maswali zitumike tena.

Siku ya kwanza nusu ya darasa inafanya Kiingereza na nusu inafanya Kiswahili, dakika 15. Siku ya pili wanabadilishana. Usirudishe wala usijadili majibu katikati. Usiruke hatua ya kubadilishana: wote wakianza na Kiswahili, siku ya pili wataibuka na majibu wanayoyakumbuka, nawe utadhani wanajua Kiingereza.

Waambie mapema kwamba aliyekosa neno la Kiingereza anaruhusiwa kujibu kwa Kiswahili hata kwenye karatasi ya Kiingereza. Wakati wa kusahihisha, toa alama kwa ukweli wa jibu tu. Usikate kwa sababu ya tahajia wala sarufi.

Sasa linganisha. Aliyepata 8 kwa Kiswahili na 2 kwa Kiingereza ana tatizo la lugha. Tofauti ya alama 4 au zaidi inatosha kulisema hilo. Aliyepata 2 na 2 ana pengo la somo, na kumtafsiria hakutamfaa mpaka afundishwe upya. Kuna aina moja ya mwanafunzi anayepata alama hizi kwa sababu nyingine kabisa, naye ameelezwa mwishoni. Aliyepata 7 kwa Kiingereza na 3 kwa Kiswahili amekariri notsi, na huyu ndiye anayewapita walimu wengi bila kuonekana, kwa sababu karatasi yake inapendeza. Aliyejibu swali la Kiingereza kwa Kiswahili sahihi anasoma vizuri. Kuandika ndiko kunakomshinda. Mwekee alama yake pembeni, maana tiba yake ni nyepesi kuliko ya wengine wote.

Kuna ishara moja ya kuangalia kwa jicho la karibu. Swali limeuliza: "State three things a plant needs to make its food." Unapofungua karatasi, wanafunzi kumi, ishirini, wameandika: "Photosynthesis is the process by which green plants make their own food by using sunlight." Sentensi safi, haina kosa hata moja, na haijibu swali. Mwanafunzi ameliona neno "plant", ameliona neno "food", akatoa sentensi aliyoinakili ubaoni. Hakusoma "State three things". Anayeandika "water, sun, hewa ya ukaa" kwa mwandiko uliopinda anajua zaidi, na apewe alama zake zote.

Dalili: darasa zima linaitika "Yes", daftari zinasema mengine

Chanzo hapa ni swali lenyewe. "Do you understand?" halina jibu jingine linalowezekana mbele ya wenzako 79. Mwenzake ni ule mtindo wa kuvuta neno nusu, "This is called photosyn…?", na darasa linamalizia "…thesis!" Sauti tano za mbele zinawabeba wote, na kilichopimwa ni uwezo wa kumalizia neno.

Badala yake andika swali moja ubaoni lenye majibu matatu, A, B na C. Majibu yasiyo sahihi yatokane na makosa unayoyajua, kwa mfano kwamba mmea hupata chakula chake chote kutoka kwenye udongo. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Kisha kila mmoja aonyeshe kidole kimoja, viwili au vitatu, mkono ukiwa umegusa kifua ili jirani asione. Kwa sekunde kumi umeliona darasa zima. Ukikuta zaidi ya theluthi wamekosea, rudia maelezo kwa njia nyingine. Wakiwa wachache, andika majina yao na uendelee.

Hizo sekunde tano ni kazi kwelikweli. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja. Mwanafunzi anayejifunza kwa lugha ngeni anapaswa kulisikia swali, kulitafsiri, kulitafuta jibu, kulitafsiri tena, ndipo afungue mdomo. Sekunde moja haimtoshi hata kwa hatua ya kwanza.

Dalili: ukimwita anainama, au anasimama bila kusema

Vyanzo ni vingi, na vingine havihusiani na lugha hata kidogo. Anza na vinavyopimika haraka.

Masikio: simama nyuma yake mita tatu, mtaje kwa sauti ya kawaida, kisha mpe maneno matano ya Kiswahili ayarudie. Macho: asome ubao kutoka alipokaa, kisha kutoka dawati la mbele. Anayenakili kutoka kwa jirani badala ya ubaoni mara nyingi haoni ubao. Akishindwa chochote kati ya hivyo, zungumza na mzazi aende hospitali, na leo hii msogeze mbele.

Kusoma: mpe aya ya Kiswahili ya maneno 60 hivi, ya kiwango cha darasa la tatu au la nne. Akijikongoja herufi kwa herufi, tatizo ni KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Mtoto asiyesoma lugha anayoizungumza hawezi kuanza kusomea lugha asiyoizungumza. Apangiwe muda wa kusoma Kiswahili kwanza, dakika 20 kila siku, na mwalimu wa darasa ajue.

Akipita vyote hivyo, mara nyingi kinachobaki ni hofu. Kuna shule ambako aliyeteleza akasema Kiswahili huvalishwa kibao shingoni au huchapwa. Lengo ni Kiingereza kizungumzwe. Kinachopatikana ni ukimya, kwa sababu mtoto anagundua haraka kwamba anayenyamaza havalishwi kibao. Kibao kiondolewe. Nafasi yake ichukuliwe na ngazi ya kupandia: dakika moja azungumze na jirani kwa Kiswahili, dakika mbili aandike akitumia kiunzi cha sentensi kilichoko ubaoni, kisha asome alichoandika. Kiunzi ni hiki:

"A ____ is different from a ____ because ____."
"When ____ increases, ____ decreases."
"I think ____ because ____."

Viunzi vitatu kwa mada vinatosha. Ukiweka kumi, vinakuwa somo jingine la kukariri.

Halafu kuna mtego mdogo unaowafanya watoto waonekane hawaelewi. Ukiuliza "Haven't you finished?", ambaye hajamaliza atajibu "Yes", kwa sababu kwa Kiswahili "Hujamaliza?" hujibiwa "Ndiyo, sijamaliza". Kiingereza kinataka "No". Hadi umewafundisha jambo hilo, usiulize maswali ya kukanusha kwa mdomo, na usiyatumie kumpima mtu. Saa ni vivyo hivyo: "one o'clock" ya mwanafunzi ni saa moja asubuhi, ambayo kwa Kiingereza ni "seven". Kwenye Jiografia, kwenye hesabu za muda na mwendokasi, kosa hilo linafanana sana na kutojua hesabu.

Dalili: anaongea Kiingereza cha kueleweka, mtihani unamwangusha

Hawa mara nyingi wametoka shule za mchepuo wa Kiingereza, au wanaangalia sana televisheni. Walimu huwaambia wamezembea. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo: ya kwanza mtoto huipata kwa takriban miaka miwili, ya pili huchukua mitano hadi saba. Hizo ni hesabu za watoto wanaoishi katikati ya wazungumzaji wa Kiingereza. Wetu wanakisikia darasani tu, kwa hiyo usitegemee kozi ya wiki kadhaa imalize kazi.

Kinachomkwamisha ni maneno ya aina tatu.

Kwanza, maneno ya kuamrisha kwenye swali. "State" inataka jambo litajwe tu. Anayeandika aya amepoteza muda. "Explain" inataka jambo pamoja na sababu yake, na anayetaja bila sababu anapata nusu. "Differentiate" inataka pande zote mbili ziguswe katika kila hoja: anayeandika mambo matatu ya mishipa ya ateri na kuiacha ya vena hajatofautisha chochote. "Account for" humchanganya zaidi kuliko yote, kwa sababu ndani yake anaona "count" na anatafuta hesabu, kumbe anaombwa sababu. Maneno kama hayo kumi na mawili yakibandikwa ukutani kwenye karatasi ya manila, kila moja na swali lake na jibu lake fupi la mfano, yanarudisha alama nyingi kuliko kipindi kizima cha marudio.

Pili, maneno yenye maisha mawili. "Table" anaijua kama meza, na kwenye Hisabati ni jedwali. "Volume" anaijua kwenye redio, na kwenye Fizikia ni ujazo. "Solution" ya tatizo na "solution" ya chumvi na maji. "Matter", "root", "mean", "product", "current", "culture", "work". Katika Fizikia mtu aliyebeba gunia kichwani amesimama palepale hajafanya "work" yoyote, na mtoto aliyekwishabeba gunia atakubishia. Mwache abishe, kisha mwonyeshe kwamba neno limehama.

Tatu, na hapa ndipo penye utajiri, maneno ambayo Kiswahili cha kila siku kina moja na Kiingereza kina mawili au matatu. Joto ni "heat" na pia "temperature". Uzito ni "mass" na pia "weight". Nguvu ni "force", ni "power", ni "energy", ni "strength". Mkono ni "hand" na "arm". Mguu ni "foot" na "leg". Kidole ni "finger" na "toe". Mwanafunzi akiandika "hand" kwenye mchoro ulioonyesha mfupa wa juu wa mkono, huwezi kusema hajui mwili wa binadamu.

Kiswahili cha shule kimeshatengeneza jozi nyingi kati ya hizo: tungamo na uzito, jotoridi na joto, kani, nishati. Tumia hizo. Sema, "Uzito mnaousema sokoni, kilo mbili za sukari, ni tungamo, na Kiingereza chake ni mass. Weight ni kani, tunaipima kwa niutoni." Mwanafunzi anapata tofauti kwa lugha anayoielewa, halafu anaining'iniza kwenye neno jipya. Ukimfundisha "mass" na "weight" kwa Kiingereza pekee, huku kichwani mwake yote mawili yakibaki "uzito", utasahihisha kosa hilo mpaka Kidato cha Nne.

Dalili: anasoma kwa sauti bila kukwama, hajui amesoma nini

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto wetu ana ujuzi wa kutamka kilicho mbele yake hata asipokielewa. Wengine hutamka "come" kama kome na "write" kama wri-te, hao unawasikia. Wa hatari ni yule ambaye matamshi yake ni mazuri.

Mpe aya, asome, ufunge kitabu, akuambie kwa Kiswahili aya imesema nini. Akikaa kimya au akirudia maneno mawili matatu ya Kiingereza, umepata jibu.

Kwa darasa zima tumia jaribio la mapengo. Chukua kifungu cha kitabu cha kiada chenye maneno 270 hivi. Sentensi ya kwanza na ya mwisho ziache nzima. Katikati futa kila neno la tano mpaka upate mapengo 50, yote ya urefu uleule. Kubali neno lilelile lililofutwa tu, tahajia isihesabiwe. Aliyepata chini ya asilimia 40 kitabu kinamzidi. Kati ya 40 na 60 anaweza akisaidiwa. Juu ya 60 anasoma mwenyewe. Walimu wengi wanashtuka kwamba 60 ni alama nzuri. Ni nzuri, kwa sababu hata msomaji hodari hawezi kubahatisha kila neno.

Wakiwa chini ya 40 wengi wao, usiwape ukurasa huo waunakili. Watafiti wa msamiati wanakadiria kwamba ili mtu asome kwa raha lazima ajue kama maneno 98 kati ya kila 100. Ukurasa wa maneno 200 ukiwa na mageni 30, hausomeki, haijalishi mwanafunzi ana bidii gani. Chagua aya moja, fundisha kabla yake maneno 6 hadi 8 ambayo bila hayo haifunguki, vunja sentensi ndefu kuwa mbili, acha istilahi za somo jinsi zilivyo. Istilahi zisiguswe, kwa sababu ndizo zitakazokuja kwenye mtihani.

Dalili: maandishi yamejaa makosa, hujui uanzie wapi

Tenga makosa yanayoficha maana na yasiyoificha. "Plant need water" inaeleweka. Kwenye Baiolojia ipewe alama yake. "Heat is measured by thermometer" ina kosa la sayansi, kwa sababu kipimajoto hupima "temperature", nayo ikatwe. Weka alama mbili kwenye karatasi: ya somo, na ya lugha pembeni isiyoingia kwenye jumla. Usipozitenganisha, mwisho wa muhula utakuwa na orodha ya alama ambazo hujui zinapima nini.

Makosa mengi yana mzizi kwenye Kiswahili, na ukiujua unaweza kuuonyesha kwa dakika mbili:

"My mother he is a nurse" linatoka kwenye "yeye", ambaye hana jinsia.
"The water are hot" linatoka kwenye "maji ya moto yako hapa", ngeli ya ma-.
"He is tall than me" linatoka kwenye "mrefu kuliko": kuliko limeshafanya kazi ambayo Kiingereza humpa -er.
"Although it rained, but they came" ni "ingawa… lakini".
"The book is in the table" ni "mezani": -ni moja inabeba "in", "on" na "at".
"She has worn a blue skirt", kwa mtu unayemwona mbele yako sasa hivi, ni "amevaa". Vivyo hivyo amelala, amekaa, amesimama. Kwetu -me- ya vitenzi hivi inaeleza hali iliyopo. Kiingereza kinataka "is wearing", "is asleep", "is sitting".

Sahihisha aina moja ya kosa kwa zoezi. Wiki hii ni "tall than", mengine yaache. Ukitumia dakika 3 kwa kila daftari, madaftari 80 ni saa 4, na mwalimu mwenye mikondo mitatu hana saa hizo. Chukua 20 kwa zamu uyasahihishe kwa makini, haya mengine yasome kwa haraka ukiandika makosa matatu yaliyojirudia, kisha yaweke ubaoni bila majina wayarekebishe wenyewe.

Matamshi usiyahangaikie sana, isipokuwa yanapobadili neno. Sauti mbili za "th" zinazowatesa wanafunzi wengi duniani ziko tayari kwenye Kiswahili: ya "think" ni ya thelathini, ya "this" ni ya dhahabu. Kama mtoto husema "selasini" na "zahabu", anza kurekebisha hapo.

Dalili: majaribio ya darasani anapasua, mitihani ya nje anaanguka

Angalia majaribio yako kabla ya kumwangalia mtoto. Kama maswali yameandikwa kwa sentensi zilezile za notsi, ulipima kumbukumbu. Kama ni ya kuchagua yenye majibu manne, kubahatisha peke yake kunampa wastani wa 2.5 kwa 10, hivyo 3 kwa 10 usiisome kama "anajua kidogo".

Angalia pia lugha ya swali. "Which of the following is not a precaution to be taken so as to avoid the spread of cholera?" Ndani yake kuna "not", kuna kauli ya kutendwa, na kuna "avoid" ambayo nayo inakanusha. Mwanafunzi anayejua kipindupindu chote anaweza kuanguka. Iandike hivi: "Cholera spreads in a village. Which action does NOT help people to stay safe?" Sayansi ni ileile.

Misaada ya mtihani wa ndani iwe na tarehe ya kuondoka, kwa sababu Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili hautakuwa nayo. Muhula wa kwanza wa Kidato cha Kwanza, maswali kwa lugha mbili. Muhula wa pili, Kiingereza pekee na orodha ya maneno 10 yaliyotafsiriwa chini ya karatasi, isiyotafsiri istilahi inayopimwa. Kidato cha Pili muhula wa kwanza, muda wa ziada wa robo tu. Baada ya hapo, karatasi kama ya Baraza la Mitihani. Shule nyingine huondoa vyote siku moja, alama zikaporomoka, lawama zikamwangukia mtoto.

Dalili: mwalimu anatafsiri kila sentensi, na wanafunzi bado hawaendi mbele

Wamejifunza kusubiri nusu ya Kiswahili. Kila sentensi ya Kiingereza imekuwa kelele ya kupisha ile inayoeleweka. Kupiga marufuku Kiswahili si jawabu; kipange. Kipindi cha dakika 40: dakika 5 za kwanza kwa Kiswahili, wazo la leo ni lipi na linaunganika na nini wanachokijua. Dakika 25 kwa Kiingereza, kwa vitu, michoro, viunzi ubaoni, bila kutafsiri. Dakika 10 za mwisho, waelezane wawili wawili kwa Kiswahili walichoelewa, kisha kila mmoja aandike sentensi mbili za Kiingereza. Zikusanye hizo sentensi. Ndizo upimaji wako wa siku.

Pale kipimo cha karatasi mbili kinapodanganya

Mtoto wa familia ya wafugaji Simanjiro au Ngorongoro, au aliyekulia Mbulu vijijini ambako Kiiraqw ndicho cha nyumbani, anaweza kupata 2 kwa Kiingereza na 2 kwa Kiswahili. Kwa hesabu ya hapo juu utasema somo limemshinda. Pengine Kiswahili nacho ni lugha ya shuleni tu kwake.

Mpime bila maneno mengi. Hesabu kumi za namba tupu. Majani matano tofauti, ayapange makundi mawili, akuonyeshe kwa kidole ametumia kigezo gani. Michoro minne ya mbegu inayoota, aipange kwa mfuatano. Kama kuna mwanafunzi wa vidato vya juu wa lugha yake, amwulize maswali matano yale kwa lugha ya nyumbani na kukutafsiria majibu bila kuyapamba.

Akifanya vizuri, anabeba lugha mbili ngeni kwa mpigo, na njia ya kupitia Kiswahili itamchelewesha. Kwake toka kwenye kitu moja kwa moja hadi Kiingereza: jani mkononi, "leaf", maji kwenye chupa yakipungua siku hadi siku, "the water evaporates". Maneno kumi kwa wiki kwenye kadi za manila, neno upande mmoja, na upande wa pili mchoro alioufanya kwa mkono wake.